Usiku 183 ndio huamua mzazi wa kudai nafuu ya kodi

MZAZI anaweza kulipa matunzo ya mtoto kila mwezi bila kuchelewa, akawa na hukumu ya mahakama inayosema kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kumdai mtoto kwenye kodi, na bado Idara ya Mapato ya Marekani, IRS, ikamkatalia. Mara nyingi sababu ni moja tu: katika mwaka unaotozwa kodi, mtoto hakulala kwake mara za kutosha.

Jambo hili linawagusa Waafrika Mashariki wengi walioko Columbus, Dallas, Houston na Minneapolis ambao ndoa zao zimevunjika, au waliozaa pamoja bila kufunga ndoa na sasa kila mmoja ana makazi yake. Linawagusa pia jamaa zao wa huku nyumbani. Fedha za marejesho ya kodi zinazotoka Marekani kila Februari na Machi ndizo ambazo kwa wengi hugeuka mtaji: sehemu ya bei ya gari la mtumba, malipo ya kiwanja, mzigo wa duka. Mzazi aliyedai pasipo haki na kutakiwa kurudisha fedha anavuruga hesabu za watu wengi zaidi ya yeye mwenyewe.

Kiasi kinachogombewa si kidogo. Chukua mfano wa mama mwenye mtoto mmoja wa miaka 8, ambaye mshahara wake kwa mwaka 2025 ulikuwa dola 20,000. Akimdai mtoto na kuandikishwa kama mkuu wa kaya, dola 23,625 za mwanzo za mapato yake hazitozwi kodi, hivyo hadaiwi chochote. Juu ya hapo kuna nafuu ya mtoto, ambayo kwa mwaka huo ni dola 2,200, ingawa kwa asiyekuwa na kodi ya kupunguziwa hailipwi taslimu zaidi ya dola 1,700. Kisha ipo nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo, ambayo kwa mwenye mtoto mmoja hufikia dola 4,328. Jumla ni dola 6,028, mbali na kodi yoyote iliyokuwa imekatwa kwenye mshahara wake. Mama huyo huyo asipomdai mtoto anahesabiwa kuwa mtu pekee, kiwango chake kisichotozwa kodi kinashuka hadi dola 15,750, nafuu zote mbili zinaondoka, na anadaiwa kodi ya dola 400 na ushee. Tofauti inapita dola 6,400 kwa mtoto mmoja na kwa mwaka mmoja.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huenda akashangaa. Kodi ya mshahara ya Tanzania haiulizi mfanyakazi ana watoto wangapi. Shilingi 270,000 za mwanzo kwa mwezi hazitozwi, awe na watoto saba au asiwe na hata mmoja. Kenya nayo humpa kila mlipa kodi nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi bila kujali ukubwa wa familia yake. Anayetoka katika utaratibu huo na kuingia ule wa Marekani huona jina la mtoto kwenye fomu kama jambo dogo la kujazia nafasi, kumbe ndilo lenye uzito kuliko mistari mingi ya fomu hiyo.

Kinachohesabiwa ni usiku

Kanuni ya msingi ni kwamba nafuu za mtoto ni za mzazi mlezi, na mzazi mlezi ni yule ambaye mtoto alilala kwake mara nyingi zaidi katika mwaka. Mwaka wa kawaida una usiku 365. Kama mtoto hulala kwa wazazi wake tu, mwenye usiku 183 ameshinda na mwenye 182 ameshindwa, hata kama huyo wa pili ndiye anayelipa karo, bima na viatu vya shule. Matunzo yaliyoamriwa na mahakama hayampunguzii kodi anayeyalipa, wala hayahesabiwi kuwa mapato ya anayeyapokea. Kwa IRS ni kama hayakutokea.

Hapo ndipo akina baba wengi wa Kiafrika wanapojikwaa. Walikotoka, anayelisha ndiye mwenye mtoto, na wengine hukumbuka Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ambayo huchukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, wakadhani akishatimiza umri huo mambo hugeuka yenyewe. Sheria ya kodi ya Marekani haina habari na umri huo wala na nani ametoa fedha nyingi zaidi. Inataka kalenda.

Usiku wenyewe una taratibu zake. Mtoto akilala kwa shangazi, kambini au hospitali, usiku huo unahesabiwa kwa mzazi ambaye angelala kwake kama asingekwenda huko. Usiku wa tarehe 31 Desemba ni wa mwaka ule ulioanzia, si wa mwaka mpya. Endapo idadi inalingana, kama inavyoweza kutokea katika mwaka mrefu wa siku 366 kama ulivyokuwa 2024, mlezi ni yule mwenye mapato makubwa zaidi baada ya marekebisho ya kodi. Wenye nyumba za kupangisha huko Mbagala au Kisauni wakumbuke kwamba mkazi wa Marekani hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima. Kodi ya pango kutoka nyumbani inaingia katika hesabu hiyo, pamoja na gawio la hisa na riba ya benki.

Ipo kanuni moja ambayo wengi hawaijui ingawa imewekwa kama kwa ajili yao. Waafrika wengi Marekani hufanya kazi usiku: nyumba za kutunzia wazee, maghala, hospitali, malori. Mama anayeingia kazini saa nne usiku na kutoka alfajiri hawezi kumlaza mtoto kwake, hivyo mtoto hulala kwa baba na kurudi kwa mama asubuhi. Ukihesabu usiku pekee, mama huyo hana mtoto. Lakini kanuni zinasema kwamba pale ambapo ni ratiba ya kazi ya usiku iliyosababisha hali hiyo, zinahesabiwa siku badala ya usiku, na mzazi anayekaa na mtoto siku nyingi zaidi ndiye mlezi. Mwenye kazi ya namna hiyo anapaswa kutunza ratiba zake za zamu kama mfanyabiashara anavyotunza stakabadhi.

Hayo yote yanamhusu mtoto aliyekaa na wazazi wake, mmoja au wote wawili, kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Ikiwa sehemu kubwa ya mwaka mtoto alikuwa kwa bibi yake pale pale Marekani, huenda mwenye haki akawa bibi, na wazazi wote wawili wakaambulia patupu. Kwa upande mwingine, kutokuwa na cheti cha ndoa hakumwondoi mtu katika taratibu hizi. Mahakama ya Kodi ya Marekani iliamua mwaka 2003, katika shauri la King, kwamba kanuni za wazazi waliotengana zinawahusu pia wale ambao hawakuwahi kuoana, mradi wameishi mbalimbali katika miezi sita ya mwisho wa mwaka.

Kutoka fedha hadi kalenda

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Marekani ilianza kutoa msamaha wa kodi kwa ajili ya watoto mwaka 1917, kwa dola 200 kila mtoto. Talaka zilipoongezeka kukazuka ugomvi wa nani ametumia zaidi, na mwaka 1967 Bunge likaweka viwango: baba asiyeishi na mtoto aliweza kumdai ikiwa ametoa angalau dola 600 na hukumu inampa haki hiyo, au ikiwa ametoa dola 1,200 na mama akashindwa kuthibitisha kwamba yeye ametoa zaidi. Matokeo yake maofisa wa kodi waligeuka waamuzi wa ndoa zilizovunjika, wakipekua risiti za maziwa na sare za shule.

Bunge lilichoka. Sheria ya mwaka 1984, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ikasema haki ni ya mlezi, asiyetaka aiachie kwa maandishi. Miaka miwili baadaye ikaongezwa sharti jingine: kila mtoto aliyefikia miaka 5 lazima aandikwe kwa nambari yake ya hifadhi ya jamii. Fomu za mapato ya 1987 ziliporudi, watoto wapatao milioni 7 waliokuwa wakidaiwa mwaka uliotangulia hawakuonekana tena. Baadhi yao hawakuwahi kuzaliwa. Wengine walikuwa wakidaiwa na baba na mama kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeweza kugundua mpaka kompyuta ilipoanza kulinganisha nambari.

Haki inayoweza kuhamishwa

Kuachia kwa maandishi hufanyika kwa Fomu 8332, na hapa ndipo wazazi wenye akili ya biashara wanapoweza kupata faida badala ya kugombana. Mlezi akitia saini fomu hiyo, mzazi mwingine anapata nafuu ya mtoto, ile ya dola 2,200. Lakini fomu haihamishi kila kitu. Hadhi ya mkuu wa kaya, nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo na nafuu ya gharama za kulea mtoto wakati mzazi yuko kazini haziuziki, zinabaki kwa yule ambaye mtoto analala kwake. Mtayarishaji wa fomu anayemwambia baba mwenye 8332 kwamba sasa anaweza kudai vyote ama hajui kazi yake au anatafuta ada.

Saini hiyo ina faida lini? Ikiwa wazazi wote wawili wana kipato cha kutosha kutumia nafuu nzima, hakuna faida ya pamoja. Dola 2,200 zinahama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Mambo hubadilika pale mlezi anapokuwa na kipato kidogo. Mama aliyepata dola 11,000 mwaka 2025 hadaiwi kodi, na sehemu inayolipwa taslimu hukokotolewa kwa asilimia 15 ya kipato kinachozidi dola 2,500. Kwake ni dola 1,275, basi. Baba aliyepata dola 52,000 anadaiwa kodi ya zaidi ya dola 4,100, kwa hiyo angetumia dola 2,200 zote. Mama akitia saini, na baba akampa dola 1,700 mkononi, mama amezidi kwa dola 425 na baba kwa dola 500. Mama bado anabaki na nafuu yake ya kipato kidogo, ambayo kwa mshahara huo ni dola 3,740. Aliyepata hasara hapo ni hazina ya Marekani peke yake, na imefanyika kwa mujibu wa sheria.

Hali nyingine inayofanana na hiyo ilianza mwaka 2025. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai mwaka huo inataka siyo mtoto tu, bali na mzazi anayedai, awe na nambari ya hifadhi ya jamii inayoruhusu kazi. Mama anayetumia nambari ya walipa kodi wasiokuwa na hifadhi ya jamii, hata kama mwanawe ni raia aliyezaliwa Ohio, amepoteza ile nafuu ya dola 2,200 na anabakiwa na dola 500 ambazo hupunguza kodi tu wala hazilipwi taslimu. Kama baba wa mtoto ana nambari kamili, 8332 ina thamani kubwa kwao kuliko hapo awali.

Wanaotia saini wawe waangalifu na muda. Fomu inaruhusu kuachia mwaka mmoja, miaka kadhaa, au miaka yote ijayo. Aliyeachia miaka yote anaweza kubatilisha, lakini ubatilisho unaanza kufanya kazi mwaka unaofuata ule ambao mwenzake alipewa taarifa. Kwa maana hiyo, mama anayemtumia baba taarifa mwezi Machi 2026 anampoteza mtoto kwenye fomu za mapato ya mwaka 2026 pia. Aidha, kuachia hakuwezi kuwekewa masharti. Maneno kama "akimaliza kulipa malimbikizo ya matunzo" hayakubaliki. Njia ya salama kwa mlezi ni kusaini mwaka mmoja mmoja, baada ya kuona malipo yamekamilika.

Hukumu ya talaka haichukui nafasi ya fomu. Zilizotolewa kati ya 1985 na 2008 ziliweza kukubaliwa kwa masharti fulani, ila za kuanzia 2009 hazikubaliki kabisa. Baba mwenye hukumu inayompa mtoto kila mwaka wa pili, ambaye mama wa mtoto amegoma kusaini, anapaswa kurudi kwa hakimu wa familia alalamike kwamba amri inakiukwa. IRS haikutoa amri hiyo na haitamsaidia kuitekeleza.

Wote wawili wakidai

Kinachotokea mara nyingi ni mbio. Anayewahi kutuma fomu kwa kompyuta hupokewa, anayefuata na nambari ile ile ya mtoto hukataliwa. Wengi waliokataliwa hudhani mwenzao ameshinda. Sivyo, kuwahi si ushahidi. Aliyekataliwa anaweza kutuma fomu ya karatasi, na tangu msimu wa 2025 anaweza pia kutuma kwa kompyuta akiwa na nambari ya siri ya utambulisho inayotolewa na IRS. Baada ya hapo wazazi wote wawili huletewa barua kutakiwa kila mmoja aangalie upya na aliyekosea arekebishe. Wasipoelewana, ukaguzi unafuata, na hapo barua ya shule yenye anwani, kumbukumbu za zahanati na kalenda ya mikono ndizo zinazosema.

Adhabu kwa aliyedai pasipo haki inaanzia kurudisha fedha pamoja na riba, na inaweza kuongezwa asilimia 20 ya kodi iliyopungua. Ikionekana amepuuza kanuni kwa makusudi, anafungiwa kudai nafuu hiyo kwa miaka 2; ikithibitika ni udanganyifu, miaka 10. Mtu aliyefungiwa mwaka mtoto ana miaka 8 atafunguliwa wakati mtoto ameshavuka umri, kwa sababu nafuu hiyo hukoma mtoto anapotimiza miaka 17.

Wapo wanaoandika watoto walioko Mwanza, Kisumu au Bujumbura kwa hoja kwamba wanawatumia fedha kila mwezi. Mtoto asiye raia wa Marekani wala mkazi wake hawezi kudaiwa kabisa, isipokuwa awe mkazi wa Canada au Mexico. Aliye raia lakini akakaa kwa bibi Tanga sehemu kubwa ya mwaka, wakati wazazi wako Texas, hatimizi sharti la kuishi na mzazi zaidi ya nusu ya mwaka ambalo nafuu ya dola 2,200 inalidai. Kutuma fedha hakuzai nafuu yoyote. Kinyume chake, tangu tarehe 1 Januari 2026 anayetuma fedha nje ya Marekani kwa kulipia taslimu kwenye dirisha la wakala hukatwa ushuru wa asilimia 1, na anayetuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya Marekani hakatwi.

Walio Canada wana ugomvi mdogo zaidi. Huko posho ya mtoto hulipwa kila mwezi, na wazazi wanaogawana malezi kati ya asilimia 40 na 60 ya muda kila mmoja hupokea nusu ya kile ambacho angepokea kama angekuwa na mtoto muda wote. Marekani haikatikatiki namna hiyo.

Kwa wenye hisa kidogo na akaunti za akiba kuna tahadhari moja ya ziada. Nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo hufutwa yote endapo mapato ya uwekezaji, yaani riba, gawio, faida ya kuuza hisa na pango, yanapita dola 11,950 kwa mwaka 2025. Mlezi anayefikiria kuuza hisa zilizopanda bei avizie mwaka. Dola chache za juu zinaweza kumgharimu maelfu.

Marejesho yenye nafuu hizi hayalipwi kabla ya katikati ya Februari, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, hata kwa aliyetuma fomu siku ya kwanza ya msimu. Mwisho wa kutuma fomu za mapato ya 2025 ni tarehe 15 Aprili 2026. Mlezi ambaye miaka iliyopita aliacha kumdai mtoto kwa kuamini kwamba haki ilikuwa ya mwenzake, na ambaye hakuwahi kusaini 8332, ana miaka mitatu tangu fomu ya mwaka husika ilipotakiwa kufika kuirekebisha kwa Fomu 1040-X na kudai kilicho chake.